Tuondoe kabila katika karata za watoto, tuache kazi

Jumamosi hii, baada ya kuteka maji na kabla mvua haijaanza, watoto wa mtaa wetu hapa magharibi ya Goma wataketi kwenye kibaraza cha jirani yangu kukata karata mpya. Seti yao ya kwanza, yenye karata 180, imetawanyika. Kambi za pembeni ya mji zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, wenzao wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia kwa jamaa zinazowapokea katika mitaa mingine. Kila mmoja aliondoka na karata alizozichora kwa mkono wake. Waliobaki wana karata 70 hivi ndani ya boksi la sabuni.

Kilichonifanya niandike si karata zilizopotea. Ni pendekezo la vijana wakubwa watatu kwamba seti mpya igawanywe kwa makabila, kama ilivyokuwa mwanzo kabisa. Mimi nasema hapana. Na kwa kuwa wazazi wengi wananisimamisha njiani kuniuliza huu ni mchezo gani, wacha nianzie hapo.

Mchezo wenyewe hatukuuvumbua sisi. Mwaka 1993 kampuni ya Marekani iitwayo Wizards of the Coast ilitoa karata za Magic: The Gathering, zilizobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Hizi si zile karata 52 tunazozijua. Ziko za aina maelfu, na kila moja imeandikwa kazi yake: hii inashambulia, hii inakinga, hii inaponya. Zinauzwa kwa pakiti, nawe hujui ndani mna nini. Basi mwenye pesa nyingi anafungua pakiti nyingi na kupata karata kali. Kama ingeishia hapo, huo usingekuwa mchezo wa watoto wetu.

Lakini wachezaji wenyewe walitafuta njia nyingine. Mtu anakusanya karata mia kadhaa alizozichagua kwa wazo fulani, kila moja mara moja tu, na seti hiyo wanaiita kyubu. Wakitaka kucheza wanaichanganya, na kila mchezaji anapewa mafungu matatu ya karata 15. Anafungua fungu la kwanza, anachukua karata moja, anapitisha 14 zilizobaki kwa jirani wa kushoto, naye anapokea fungu kutoka kulia. Wanaendelea hivyo mpaka karata zinaisha mkononi. Fungu la pili linazunguka kuelekea kulia, la tatu linarudi kushoto. Mwishoni kila mtu ana karata 45 alizozichagua mwenyewe, na ndizo atakazopigania. Wachezaji wanane wanahitaji karata 360, wanne wanahitaji 180. Mchezo ukiisha, zote zinarudi bokisini. Mtoto wa mwenye duka na mtoto aliyefika jana na nguo moja wanaanza wakiwa sawa.

Hapa kwetu ilianza kwa mgeni mmoja aliyefanya kazi mjini, ambaye aliwaachia vijana boksi la karata hizo za Kifaransa. Zilichezwa mpaka zikachakaa. Ndipo watoto wakasema: tuchore zetu. Walitafuta kartoni za biskuti na za sabuni, mkasi na biki. Kila karata ina upana wa sentimita 6 na urefu wa 9, karibu sawa na zile za dukani. Uhai unahesabiwa kwa maharagi. Kila mchezaji anaanza na punje 20, akibaki bila punje ameshindwa. Hakuna pesa inayowekwa. Nawaambia hivyo wazazi wanaoogopa kamari, na wachungaji walionionya. Njooni mtazame, mtakuta watoto wanabishana juu ya kujumlisha na kutoa.

Seti ya kwanza ilikuwa mbaya. Nina haki ya kusema hivyo, maana nami nilisaidia kukata. Na kuitengeneza upya kulichukua miezi, jioni kwa jioni, kwa daftari moja ambamo waliandika karata ipi ilichukuliwa kwanza, ipi ilibaki mwisho, nani alishinda na kwa nini. Nitaeleza makosa machache ili muone ni kazi ya namna gani.

Kosa la kwanza lilikuwa ardhi. Katika mchezo wa Magic, kila karata ina bei, na unailipa kwa karata za ardhi. Kwa kawaida mtu anacheza na karata 40, na 17 kati yake ni ardhi. Zisipokuja mkononi, unakaa na karata nzuri ambazo huwezi kuziweka chini, mwenzako anakupiga mpaka unakwisha. Mvulana mmoja aliyetoka Rutshuru alitazama mkono wake siku moja akasema, "Hii ni sisi. Nguvu ninazo, ardhi sina." Hakuna aliyecheka sana. Zaidi ya hayo, wachezaji wanne wangehitaji karata 68 za ardhi tu, na kartoni haikutosha. Kuna mchezo mwingine wa karata, Duel Masters, ulioanza Japani mwaka 2002, ambamo karata yoyote inaweza kuwekwa chini ili ilipie nyingine. Tukafuata njia hiyo. Kila zamu unaweza kuweka karata moja kifudifudi mbele yako, nayo inakuwa akiba. Akiba tatu zinalipa bei ya tatu. Tangu siku hiyo hakuna mtoto anayeshindwa kwa sababu hakupata pa kusimama.

Kosa la pili lilikuwa Volkano. Karata hiyo ilikuwa na bei ya tatu na iliua karata zote za mpinzani. Aliyeipata alishinda. Baada ya wiki mbili watoto walikuwa wanaitambua hata kwa mgongo, kwa sababu ilikatwa kwenye kartoni yenye jina la biskuti. Tulibandika karatasi za daftari kuukuu nyuma ya karata zote ili migongo ifanane. Kisha msichana mmoja aliyekuwa mdogo wakati Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 akauliza swali la maana: tangu lini volkano inamchagua adui? Wazee wa hapa wanakumbuka pia tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Haikuuliza nyumba ni ya nani. Sasa Volkano ina bei ya saba na inaua karata zote mezani, hata za mwenye kuitupa. Bado inachukuliwa, ila kwa kufikiri.

Kosa la tatu lilikuwa bunduki. Kati ya karata 180, karata 31 zilikuwa za watu wenye silaha. Watoto huchora wanachokiona. Mezani ikawa kila mtu anachukua bunduki kwanza, na wavuvi, wakulima na wauguzi wanabaki wanazungushwa kama maji ya kunawa. Wazazi walipoona, wengi walitaka bunduki zote zitolewe. Sikukubaliana nao, na bado sikubaliani. Mtoto aliyelala chini ya kitanda akisikiliza risasi hawezi kuambiwa kwamba bunduki hazipo. Tulizipunguza zikabaki sita, na tukaziwekea sharti: kila zamu mwenye bunduki anailipa, anailisha. Siku akishindwa kulipa, bunduki inahamia upande wa pili wa meza. Sharti hilo aliliandika mtoto wa miaka 14. Mimi nisingeliwaza. Siku hizi bunduki haichukuliwi ya kwanza, kwa sababu wameona kwamba inamla mwenyewe.

Kosa la nne lilitufundisha zaidi. Kulikuwa na karata iitwayo Mkimbizi. Nguvu yake sifuri. Picha yake, mama mwenye mzigo kichwani. Kazi iliyoandikwa chini: "Haifanyi kitu." Kwenye daftari, karata hiyo ilibaki ya mwisho katika fungu mara tisa. Anayepewa karata ya mwisho hachagui, anapokea tu. Siku moja ilimwangukia msichana wa miaka 12 aliyeishi kambini na mama yake na wadogo zake wanne. Aliuliza taratibu, "Nani aliandika kwamba hatufanyi kitu?" Aliyeandika alikuwa pale. Ni mtoto mwema wa mtaa, ambaye kwao wamepokea jamaa mbili nyumbani. Hakuwa na jibu.

Wakampa msichana biki. Aliandika upya: karata ikiuawa, haiendi kwenye lundo la waliokufa, inarudi mkononi kwa mwenyewe. Na popote inapowekwa, inafanya kazi ya karata iliyo jirani nayo. Ikikaa na mvuvi inavua, ikikaa na mchuuzi inachuuza. Akabadilisha na jina: Aliyehama. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitazama aliwaambia kwamba hata sambaza hawakuzaliwa katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanaolisha mji.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Karata hiyo mpya ilikuwa na bei ya moja, na ilizidi. Ilirudi na kurudi, haikushindika. Kila mtu aliichukua kwanza, mchezo ukawa hauna ladha tena. Watoto wa mtaa waliona haya kusema ipunguzwe, wakidhani watamuumiza mwenzao. Ni msichana mwenyewe aliyefungua daftari, akahesabu, akaandika bei ya tatu. "Nilitaka ifanye kazi," alisema, "sikutaka ishinde kila siku." Tangu hapo Aliyehama inachukuliwa ya nne au ya tano katika fungu, pale karata nzuri ya kawaida inapochukuliwa.

Nimeyaeleza haya yote ili nifike kwenye makabila.

Magic ina rangi tano, na kila rangi ina tabia yake. Watoto waliona tano, wakaweka makabila matano. Hawakuwa na nia mbaya. Ndivyo wanavyosikia wakubwa wakipanga watu, wakati wa kampeni, kwenye foleni ya msaada, hata kwenye matanga. Sitataja ni makabila gani wala kila moja lilipewa tabia ipi. Siku ya tatu ya mchezo, mtoto mmoja alifungua fungu akakuta watu wa kwao wamechorwa na mkono wa mtu mwingine. Hakusema neno. Aliweka karata chini, akavaa kandambili zake, akaenda. Kesho yake kaka yake alikuja, na hakuja kucheza. Tulitumia saa nzima kuwatenganisha, na kibaraza kilifungwa wiki mbili.

Vijana wakubwa wanaotaka makabila yarudi si wajinga. Wananiambia: Papa, kuyaondoa ni kuficha ukweli. Umeacha bunduki kwa sababu zipo. Makabila pia yapo. Na kila kabila lina mambo mazuri, ngoma, hadithi, chakula, ambayo watoto waliozaliwa mjini hawayajui tena. Hoja hiyo ina uzito, nami nawajibu kwa heshima.

Bunduki ni kitu. Mtu yeyote anaweza kuiokota, na mtu yeyote anaweza kuitupa. Kazi pia unaweza kuibadilisha. Mkulima wa Masisi leo anasukuma tshukudu hapa Goma, mwalimu anauza makala. Hata kuhama ni hali, ina mwanzo, na Mungu akisaidia ina mwisho. Kabila mtoto anazaliwa nalo, na hakuna fungu linaloweza kumpa jingine.

Kisha fikirini kazi yenyewe ya kutengeneza seti. Kila wiki tunaketi na daftari tunauliza: nani dhaifu? Nani amezidi, apunguzwe? Nani hana faida, atoke katika boksi? Maswali hayo ni halali tukiuliza juu ya ndoano, bidoni au Volkano. Bila kuyauliza, seti haiwezi kuwa nzuri. Lakini yaulizeni juu ya kabila. Katika eneo hili la Maziwa Makuu tumeshawasikia wakubwa wakiyauliza, na tumezika matokeo yake. Sitaki kumwona mtoto wa miaka 13 akiwa na biki mkononi akiandika kwamba watu fulani wamezidi.

Kuna na sababu ya mchezo wenyewe, ambayo mchezaji yeyote ataielewa. Katika mchezo huu hushindi kwa rangi moja. Karata zinapozunguka, hupati za kundi lako peke yake, lazima uchanganye na kundi la pili. Ufundi wote uko katika kuona makundi gani mawili yanasaidiana. Tulipoweka makabila, watoto walikataa kuchanganya. Mtoto aliacha karata nzuri ipite kwa sababu "si yetu", akashindwa, akakasirika. Tulipoweka kazi, walianza kuchanganya bila kuambiwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba mvuvi asiye na mchuuzi samaki wake wanaoza.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Jumamosi ni hili. Makundi yabaki matano tuliyoyapata kwa jasho: Ziwa, Shamba, Barabara, Soko na Nyumba. Kila kundi liwe na karata 28, hizo ni 140. Ziwa lina wavuvi wa usiku na taa zao, ambazo zinakuruhusu kutazama karata tatu za juu za lundo lako. Shamba linaongeza akiba. Barabara ina tshukudu na pikipiki, inarudisha kitu kutoka kwenye akiba hadi mkononi. Soko linabadilishana karata na mpinzani. Nyumba ina mkunga, mwalimu na bibi, inarudisha punje za maharagi.

Makundi matano yanatoa ndoa kumi. Kila ndoa ipewe karata mbili zinazohitaji makundi yote mawili, hizo ni 20. Mama wa Sambaza ni ya Ziwa na Soko. Tshukudu ya Viazi ni ya Shamba na Barabara. Katika seti ya zamani ndoa zilikuwa nne tu, na ndiyo maana watoto wote walicheza namna moja. Karata 20 za mwisho ziwe vitu visivyo na kundi, ambavyo yeyote anaweza kuvitumia: bidoni, bashi, redio, jembe, zile bunduki sita, na Aliyehama. Jumla 180.

Na mambo mazuri ya makabila yaingie kwa mlango wake. Hadithi ya bibi iingie katika Nyumba, kasiksi na sombe viingie Sokoni, ngoma iingie kama kitu. Aliyeleta hadithi aandike chini kwa herufi ndogo ilikotoka: Masisi, Rutshuru, Walikale, Kalehe, Idjwi. Mtoto wa popote ataichukua, atashinda nayo, atajifunza jina la mahali. Hivyo ngoma inajulikana, na hakuna mtu anayepangiwa bei.

Kwa wazazi: Jumamosi mlete kartoni nyumbani ikiwepo, na mkasi kama mnao. Tunahitaji mtu mzima mmoja wa kukaa na daftari ambaye si mzazi wa mchezaji yeyote. Nimejifunza kwamba mzazi anaona karata ya mwanawe daima ni dhaifu.

Kwa jamaa zilizorudi vijijini au kuhamia mitaa mingine: kama mtoto wako ana karata zetu, asizitupe. Hatuzidai. Kwa 20 na rafiki mmoja wanaweza kuanza, waongeze zao. Ila tunaomba mtuandikie au mtutumie neno kwa msafiri: zipi mnazo, na huko mnakocheza ipi inabaki mwisho katika fungu? Tutaandika katika daftari lile lile.

Na kwa wale vijana watatu, ambao najua watasoma hapa kabla ya wote: njooni mketi nasi, mlete hoja yenu mbele ya wadogo zenu, muwaulize msichana wa karata ya Aliyehama na kaka yule wa siku ya nne. Wote wawili wamesema watakuwepo.